Barua 2,516 Kutoka Mikuradaira

Jumapili hii, tarehe 31 Machi 2024, Bi Momose Kinuyo wa Idara ya Masoko anastaafu baada ya kuitumikia Mikuradaira, kituo chetu cha kuteleza kwenye theluji, kwa miaka 34 na miezi minne kamili. Aliingia tarehe 1 Desemba 1989 akiwa na umri wa miaka thelathini, akakabidhiwa dirisha la tiketi namba mbili. Tangu siku hiyo hajakosa kazi katika msimu wa theluji isipokuwa siku mbili za msiba wa mama yake.

Kamati ya jarida hili la wafanyakazi iliniomba maneno mia tatu, ikanisihi pia nipunguze tarakimu kwa kuwa zinachosha. Nimeshindwa yote mawili. Kuhusu Bi Momose yameshasemwa maneno mengi matamu yasiyo na kipimo, na baadhi ya sifa zake zimetundikwa kwenye kuta za watu wengine. Mimi, Karasawa, ni mtu wa lifti, vile viti vya waya vinavyopandisha watelezaji mlimani. Nilianza hapa kwa koleo, si kwa cheti, na nilichojifunza ni kwamba kazi isiyohesabiwa mwishowe huandikwa jina la mwingine. Kwa hiyo leo tuhesabu.

Wengi wenu mnamjua kama mwandishi wa Barua ya Asubuhi, ile barua pepe inayotoka hapa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, kila siku ya msimu, ikimweleza mteja theluji ikoje. Barua ya kwanza ilitoka Desemba 2001, ikaenda kwa watu 212, na kati yao 40 walikuwa sisi wenyewe na ndugu zetu. Leo wapokeaji ni 41,286. Hadi tarehe 31 Januari mwaka huu alikuwa ameandika barua 2,516. Sikukadiria, nimezihesabu kwenye kompyuta, moja moja, kwa jioni tatu, na mke wangu ni shahidi kwamba chakula kilipoa.

Lakini barua haikuanzia kwenye barua. Ilianzia kwenye simu.

Miaka ya tisini, mtu wa mjini aliyetaka kuja kuteleza alipiga namba yetu akasikiliza ujumbe uliorekodiwa. Bi Momose ndiye aliyerekodi, kwa sababu ofisi nzima ilikubaliana kwamba sauti yake peke yake ndiyo haikusikika kama mtu mwenye mafua. Maneno aliletewa kutoka juu yakiwa yameandikwa tayari. Wiki moja ya Januari 1994 yalikuwa haya: "Theluji inatosha, karibuni nyote." Akayasoma kama alivyopewa. Jumamosi asubuhi alifika dirishani kwake baba mmoja kutoka Kawagoe na mabinti wawili waliokwisha kuvaa kofia za rangi moja. Walikuwa wameendesha saa nne. Nyuma yao mteremko wa watoto ulikuwa na majani yaliyochomoza kama ndevu za siku tatu.

Yule baba hakugomba. Alivua kofia, akainama, akasema, "Samahani, tumewasumbua asubuhi asubuhi." Akawanunulia wanawe tambi za soba, wakala, wakarudi walikotoka.

Kisa hiki nimekisikia kutoka kwake mara zisizopungua ishirini, na kila mara humalizia vilevile. "Angenitukana, Karasawa, ningelala usingizi. Kaniomba radhi! Mwongo mimi, na anayeinama ni yeye!"

Jumatatu iliyofuata alinunua buti za kwake mwenyewe, akaanza kupanda kila alfajiri hadi kwenye nguzo ya kupimia theluji iliyo nyuma ya kituo cha chini cha lifti namba moja. Hakuna aliyemtuma. Mkuu wa wakati huo alimwuliza kama dirisha la tiketi limekuwa dogo kwake. Akajibu, "Dirisha linatosha, mkuu. Ujumbe ndio hautoshi." Tangu hapo ujumbe wa simu ulibadilika, na ilipokuja barua pepe, sauti ilikuwa imeshapatikana zamani, kilichobaki kilikuwa kuichapa.

Watu wa masoko wa siku hizi huita kitu hicho sauti ya kampuni, na kuna vitabu na semina zake. Bi Momose aliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka 1997, akaibandika ukutani kwa gundi ya mchele, na bado ipo. Inasema: usiandike neno ambalo hujalikanyaga. Inasema pia: anayesoma amekaa kwenye gari lililowashwa, watoto wamelala nyuma, na mkono uko kwenye breki, mwambie aende au arudi kitandani. Hayo tu. Hakuna ukurasa wa pili.

Ndiyo maana barua zake zilikuwa fupi kuliko risiti. "Leo sentimita 12. Juu ni unga, chini ni uji. Mkija, kaeni juu." Unga kwetu ni theluji kavu na laini, ile ambayo kila mtelezaji huiota. Au hii ya Februari 2007, ambayo mgahawa uliinakili ukaitundika mlangoni: "Leo hakuna jipya mlimani. Supu ya miso ndiyo iliyobadilika, wameongeza uyoga." Au ile iliyomfanya mhasibu wetu wa zamani ameze dawa ya presha: "Leo mvua. Tunawapenda. Kaeni nyumbani."

Hakuanza barua hata moja kwa salamu za majira. Sote tulisomeshwa shuleni kwamba barua ya heshima hufunguliwa kwa kutaja msimu, maua ya plamu au upepo wa vuli, kisha afya ya msomaji, kisha ndipo shida yako. Yeye alianza na sentimita. Mteja mmoja mwenye umri mkubwa aliwahi kumwandikia kumwonya kwamba hana adabu. Akamjibu kwa unyenyekevu mkubwa, kwa mkono, kwenye karatasi nzuri, kwa salamu za majira zilizokamilika. Barua ya asubuhi iliyofuata ilianza: "Leo sentimita 9."

Sasa niseme la kwangu, maana nisipolisema mimi, watu wa lifti watalisema kwenye karamu.

Tarehe 3 Januari 2009 ilikuwa Jumamosi, na kituo kilijaa. Mnajua kila mwaka mpya tunatundika kamba ya majani ya mpunga kwenye vituo vya lifti, ili mungu wa mlima atutazame kwa jicho zuri. Mwaka ule msumari wa zamani wa lifti namba tatu ulikuwa umeoza kwa kutu. Mimi, mkuu wa lifti, nikiwa na haraka na vidole vimekufa ganzi, niliifunga kamba hatua mbili upande wa kushoto. Upande wa kushoto kuna kifaa cha usalama: kikiguswa, lifti inasimama. Upepo ukawa unaipeperusha kamba. Kamba inagusa kifaa, lifti inasimama. Tunakagua mota, tunawasha, inakwenda kidogo, inasimama. Tulifungua kila kitu kinachofungulika. Ilituchukua saa moja na dakika hamsini kuinua macho na kuiona kamba, na katika muda huo watu 61 walining'inia hewani mara moja kwa dakika kumi na nne mfululizo, kwenye baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.

Nilitegemea barua ya kesho yake iseme sababu za kiufundi. Kila kituo husema sababu za kiufundi. Barua ilisema: "Leo sentimita 20, unga mtupu. Jana lifti namba tatu ilisimamasimama kwa saa moja na dakika 50. Kamba ya mwaka mpya ilifungwa mahali pabaya na mkuu wa lifti. Imehamishwa. Mungu wa mlima hana hatia."

Niliingia ofisini kwake bila kuvua buti.

"Dada Momose, umenivua nguo mbele ya watu elfu kumi na nane!"

"Elfu kumi na nane na mia nne," alisema, bila kugeuka. "Wewe tena, unakosea hesabu?"

"Ungeandika ni hitilafu! Neno moja tu, hitilafu!"

"Walining'inia wangapi?"

"Sitini na mmoja."

"Hao sitini na mmoja waliiona kamba inapepea juu ya kichwa chako, Karasawa. Kesho nikiwaambia kuna unga, wataniamini kwa lipi?"

Sikumsalimia hadi mwisho wa Februari. Nasema wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sioni haya: mtu aliyejijenga kwa mikono yake ana kitu kimoja tu cha kulinda, nacho ni jina. Tatizo langu lilikuwa kwamba tarakimu zilikaa upande wake. Wiki tatu zilizofuata, wapandaji wa lifti namba tatu waliongezeka kwa asilimia 14. Watu walikuja kupiga picha na ile kamba. Mzee mmoja mstaafu kutoka Takasaki alipanda hadi kituoni na mfuko wa karatasi mkononi, akauliza, "Mkuu wa lifti ni nani hapa?" Nikadhani nimekwisha. Akanikabidhi ndoano ya chuma kisichoshika kutu na skrubu zake nne. "Ya mwakani," akasema, akateleza zake. Ndoano hiyo ipo hadi leo, upande wa kulia, na kamba imetundikwa hapo mara kumi na tano bila lifti kusimama.

Tangu hapo nikawa mkaguzi wake asiyelipwa. Kila alfajiri nampigia kutoka kituo cha juu kumpa kina cha theluji, joto na upepo, na kila nikisoma barua yake nampigia tena kulalamika. Ameandika 30 wakati ni 28. Ameandika upepo mdogo wakati viti vinacheza ngoma. Alikuwa akisikiliza, ananiambia ahsante kwa sauti ya mtu anayepangusa meza, kisha anakata simu. Miaka kumi na tano. Nilidhani namchosha.

Niongeze hapa jambo moja ambalo halimo kwenye kumbukumbu rasmi. Mwaka 2016 Barua ya Asubuhi ilipata tuzo ya mkoa ya barua bora ya kibiashara. Cheti kilichukuliwa na wakala wa matangazo wa Tokyo aliyechagua rangi ya juu ya ukurasa, nacho kinaning'inia ofisini kwake. Bi Momose alipoulizwa na wenzake kama hakuumia alisema, "Lakini rangi ni nzuri jamani, si haba." Mimi niliumia kwa niaba yake na bado naumia. Kwa jarida hili, ambalo hutunzwa kwenye maktaba ya mji, naandika: barua ile ilikuwa ya Momose Kinuyo, neno kwa neno. Rangi ilikuwa ya buluu.

Sasa tufike mwaka huu.

Mkurugenzi Ebisawa alitumwa kwetu na makao makuu miaka miwili iliyopita, na alijua kama sisi sote kwamba Machi itafika. Hofu yake ilikuwa ya haki: kituo kinasimama juu ya barua moja, na barua inasimama juu ya mwanamke mmoja wa miaka 64. Aliagiza mfumo wa kompyuta wa kuandika barua. Mfumo ulikuja na kitabu cha sauti ya kampuni chenye kurasa 46, na orodha ya maneno yasiyotakiwa kwa kuwa yanapunguza msisimko. Miongoni mwao: mvua, barafu, kusimama, samahani. Kuanzia tarehe 1 Februari, ili mwenye kazi awepo kuona makabidhiano, barua ilitungwa na mfumo kutokana na sentensi zilizoandaliwa, ikatoka yenyewe. Bi Momose alirudishiwa kiti cha pembeni na kikombe chake cha chai.

Kabla ya hapo, kati ya kila wapokeaji mia, 58 walifungua barua. Siku ya kwanza ya mfumo 55. Siku ya pili 47. Siku ya tatu 40. Nilikuwa nampelekea tarakimu hizo kila asubuhi, na yeye anasema, "Wape muda, wageni hawa." Sikumwelewa. Mimi nilitaka apige meza.

Jumapili tarehe 4 Februari ilianguka theluji ya sentimita 44, kubwa kuliko zote za msimu. Niliipima mwenyewe, mara mbili. Na barua iliyotoka ilianza hivi: "Katika siku hizi ambapo majira ya kuchipua yamewadia, tunawatakia nyote afya njema."

Mfumo haukuharibika. Ulitii. Kwa kalenda ya salamu za barua, kuanzia siku ile mtu mwenye adabu huandika majira ya kuchipua, hata kama amefukiwa hadi shingoni. Yeyote aliyesomea uandishi wa barua angefanya hivyohivyo, na waliotunga zile sentensi walikuwa wamesoma sana. Lakini barua hiyohiyo ilitafsiriwa na kwenda kwa wapokeaji wetu 3,900 wa Bangkok, Singapore na Melbourne, ambao hawajui kalenda yetu ya adabu. Wanachojua ni kwamba Mikuradaira haijawahi kuwadanganya. Mikuradaira imesema theluji imekwisha. Kabla ya saa sita mchana, familia 27 zilikuwa zimefuta safari, wakati nje tunachimba mlango wa ofisi utokeze.

Hilo lilimuumiza Mkurugenzi. Lililoniumiza mimi ni la upande wa nyumbani. Siku ile zilikuja barua 312 za wasomaji wa humu nchini, wanaojua salamu za majira vizuri kabisa. Hawakuuliza kuhusu theluji. Waliuliza kama mwandishi amefariki. Mama mmoja wa Kawagoe aliandika: "Miaka ishirini na mbili hamjanisalimia hata mara moja. Barua yenye adabu namna hii huja na msiba. Tafadhali nielezeni."

Jumatatu asubuhi tulikaa watatu chumba cha mikutano: Mkurugenzi, Bi Momose, na mimi niliyeitwa kwa ajili ya tarakimu. Mkurugenzi alikuwa hajanyoa. Akainama hadi paji la uso likakaribia meza.

"Bi Momose, nimekosa. Naomba urudi uandike mpaka mwisho wa Machi."

"Sirudi."

Nilidhani amekasirika hatimaye, na nikafurahi.

"Nikirudi," alisema, "tarehe mosi Aprili mtakuwa palepale mlipo leo, ila mimi sitakuwepo. Mkurugenzi, mashine yako haina kosa. Mmeipa kalenda. Hamkuipa dirisha."

"Basi nani aandike? Nitafute mtu Tokyo?"

"Wa nini Tokyo? Huyu hapa."

Nikageuka nyuma kutazama nani ameingia. Hakuna aliyeingia.

"Dada, acha utani," nikasema. "Mimi fundi wa lifti. Sekondari sikuimaliza. Nikiandika barua ya kuomba likizo wananirudishia."

"Kwa sababu likizo hujui kuomba. Theluji unaijua." Akatoa mfukoni daftari dogo lenye jalada la plastiki, akamsukumia Mkurugenzi. "Soma hapo. Popote tu."

Mkurugenzi akasoma kwa sauti. Tarehe, saa, halafu maneno. Juu ni unga, chini ni uji. Upepo wa kumvua mtu nywele za bandia. Barafu kama sakafu ya benki. Leo mlima umenuna. Kila moja nililijua, kwa sababu kila moja lilikuwa limetoka kwenye barua zilizopendwa. Kisha nikasikia la pili lililokuwa ndani yake: yote yalikuwa yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikifoka kwenye simu, alfajiri, kutoka kituo cha juu, nikiamini naongea na mtu anayetaka tarakimu tu.

"Daftari la saba hilo," alisema Bi Momose. "Miaka kumi na tano unanipigia kunigombeza. Ulidhani nakusikiliza kwa mapenzi?"

Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka. Nusu ya hasira yangu ya miaka kumi na tano ilikuwa kwamba jina langu lilitajwa mara moja tu kwenye barua ile, na kwa aibu. Kumbe nilikuwemo kila wiki. Lakini nisiibe, maana nimewalaumu wengine kwa wizi huohuo: mtu akifoka kwenye simu hajaandika kitu. Aliyesikia, akachagua maneno sita kati ya mia nne, akayapeleka kwa watu elfu arobaini bila kuongeza chumvi, ni yeye. Maneno ni mawe ya mtoni. Kila mtu hupita. Ukuta una fundi wake.

Nikaanza tarehe 6 Februari. Barua ya kwanza ilinitoa jasho katika chumba cha nyuzi kumi na sita. Bi Momose alikaa kiti cha pembeni na chai yake, na hakugusa kibodi hata mara moja kwa siku hamsini na tano. Alichofanya ni kuuliza. Siku moja niliandika theluji ya wastani. Akauliza, "Wastani ndio nini? Ulipoikanyaga ililia au ilinyamaza?" Nikafuta nikaandika kwamba inalia. Barua za kuuliza kama mwandishi amefariki nilizijibu kwa mstari mmoja ndani ya barua ya siku ya pili: "Mwandishi ni mzima, anakunywa chai karibu yangu, na kuchipua bado." Kati ya familia 27, 19 zilirudisha safari zao. Waliofungua walifika 57 kwa mia kabla Februari haijaisha.

Mtihani wenyewe ulikuja Jumamosi tarehe 16 Machi. Tulikuwa na wageni 430 wa vikundi, na mvua ilikuwa inanyesha hadi kituo cha juu. Niliandika nilichokanyaga. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli unaochuruzika.

"Mzee Karasawa, hilo neno lazima liwe la kwanza?"

"Ndilo la kwanza ukitoka nje, Mkurugenzi."

"Na hili la kukaa nyumbani?"

Nikageuka kumtafuta Bi Momose. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka kwenda kupangusa vioo vya madirisha ya tiketi, kazi ambayo si yake tangu 2001, na nikajua hajatoka kwa bahati. Akili yangu ilihesabu wageni 430, ikahesabu na mabinti wawili wenye kofia za rangi moja.

Mkurugenzi alisoma mara ya pili, akapumua kama mtu anayeingia maji ya moto. "Bonyeza wewe," alisema. "Kidole changu bado cha Tokyo."

Nikabonyeza. Ikatoka saa kumi na moja na dakika arobaini: "Leo mvua, mpaka juu kabisa. Tunawapenda. Kaeni nyumbani." Wageni 166 hawakuja, na sitaipamba tarakimu hiyo. Wengine 264 walikuja wakijua, na miavuli yao, wakala soba, na hakuna hata mmoja aliyeinama kwenye dirisha namba mbili kuomba radhi. Waliofungua barua siku ile walikuwa 63 kwa mia. Ni rekodi, na nilikwenda kumwonyesha. Alitazama karatasi, akatazama kioo alichokuwa akipangusa, akasema, "Haya. Sasa naweza kwenda."

Ndiyo makabidhiano yaliyofanyika. Hayakuwa na hotuba, kwa hiyo nayaandika.

Kampuni itampa kesho jioni saa ya ukutani na tiketi ya chemchemi za maji ya moto, na ni zawadi nzuri. Sisi wa lifti tumempa kiti. Lifti namba tatu inabadilishwa viti mwaka huu, nasi tumechukua kile cha namba 61, tukakipiga rangi na kukifungia miguu ya chuma ya kubembea, na Alhamisi tulikipeleka kwake kwa trekta la theluji. Kimewekwa barazani, kikitazama mlima. Alikikalia, akabembea kidogo, akauliza, "Hiki hakina kamba?" Tukamhakikishia kwamba ndoano ipo ukutani, upande wa kulia.

Kingine kimoja. Katika miaka 22 hakuwahi kuipokea Barua ya Asubuhi. Huna haja ya kusoma ulichoandika mwenyewe, alisema. Juzi alinipa simu yake nimwandikishe. Ni mpokeaji namba 41,287. Kwa kawaida barua hukoma siku ya kufunga msimu, lakini Mkurugenzi ameruhusu moja ya nyongeza, na kwa kuwa jarida hili linatoka leo, nawaonyesha kabla haijatoka. Kesho, Jumatatu tarehe 1 Aprili, saa kumi na moja na dakika arobaini, itasema hivi:

"Leo sentimita 71 kwenye nguzo, zinayeyuka. Lifti zimesimama kwa sababu msimu umekwisha. Aliyewaandikia tangu 2001 anaitwa Momose Kinuyo. Amestaafu jana. Ni mzima, msiulize. Theluji ya kwanza ikianguka tutawaambia ilivyo."

Alikuwa hataki jina lake liwemo. Nilimwambia kwamba nimelikanyaga, na hakuna kanuni yake inayokataa.

Dada Momose, ahsante kwa niaba ya idara zote, na ahsante kutoka lifti namba tatu. Tunakutakia afya, miguu yenye nguvu, na alfajiri nyingi za kugeuka upande wa pili na kuendelea kulala. Theluji yetu tutaipima sisi. Ukiona tumekosea hata sentimita mbili, namba ya simu ya kituo cha juu unayo. Piga, gombeza. Daftari nimeshanunua.

Karasawa Tetsuji
Mkuu wa Lifti